Mpunga: bakteria wa koo mbili, na mbegu inayokinga ukoo mmoja

Mwaka 2019 mpunga katika mashamba ya umwagiliaji ya Dakawa, mkoani Morogoro, ulianza kukauka majani. Ukavu ulianzia kwenye ncha, ukashuka kandokando ya jani kwa mstari wa mawimbi. Jani liligeuka njano kwanza, baadaye likawa na rangi ya nyasi kavu. Sampuli zilipochunguzwa maabara zilikutwa na bakteria ambao wataalamu wa mpunga wanawafahamu kwa jina la Xanthomonas oryzae. Ugonjwa wao si mgeni duniani. Wakulima wa Fukuoka, Japani, waliuona mwaka 1884. Kwa Afrika uliripotiwa mwishoni mwa miaka ya 1970, na Mali ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza.

Kilichowashtua watafiti ni ukoo wa bakteria hao. Kwa miaka mingi maabara mbalimbali zilikuwa zimekusanya bakteria wa ugonjwa huu kutoka Asia, Afrika na Amerika na kulinganisha vinasaba vyao. Kila mara matokeo yalikuwa yale yale: wa Asia wako kundi lao, wa Afrika kundi lao, na wa Amerika kundi lao. Mchele husafiri baharini kila siku kwa maelfu ya tani, lakini bakteria hao walikuwa kama hawakuwahi kuvuka. Bakteria wa Dakawa walivunja desturi hiyo. Vinasaba vyao viliwaweka pamoja na bakteria wa kusini mwa China.

Taarifa hiyo ilichapishwa mwaka 2023 katika jarida la kisayansi la eLife na timu ya watafiti wa nchi kadhaa, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Heinrich Heine cha Düsseldorf, Ujerumani, na wa taasisi ya utafiti ya IRD ya Ufaransa. Iliandikwa kwa lugha ya maabara, na wengi wa wasikilizaji wetu hawakuisikia. Tunaieleza hapa kwa sababu inamgusa moja kwa moja mtu mwenye jaruba moja la mpunga, awe Morogoro, Mbarali, Kilombero au Mwea kule Kenya. Inagusa mbegu atakayonunua, dawa ambayo hapaswi kununua, na maji anayompitishia jirani.

Jina moja, koo mbalimbali

Tuanze na jambo ambalo vipeperushi vingi hulipita. Ugonjwa unapopewa jina, tunadhani kilichouleta ni kitu kimoja popote kilipo. Sivyo. Kuku wa kienyeji na kuku wa kisasa wote ni kuku, lakini kila mfugaji anajua kuwa hawalishwi sawa, hawaugui sawa na hawatagi sawa. Bakteria nao wana koo zao. Tofauti ni kwamba kuku unawatambua kwa macho, bakteria huwezi. Jani lililoshambuliwa na ukoo wa Afrika na jani lililoshambuliwa na ukoo wa Asia yanaweza kuonekana sawa kabisa, hata kwa bwana shamba mwenye miaka 30 kazini.

Koo hizi zinatokana na namna bakteria wanavyozaana. Bakteria hana dume wala jike. Anajigawa: mmoja anakuwa wawili, wawili wanakuwa wanne, na katika jani moja lenye ugonjwa wanafika mamilioni kwa siku chache. Kila anapojigawa hunakili vinasaba vyake, na katika kunakili hutokea makosa madogo. Makosa mengi hayana maana. Moja kati ya mengi humpa bakteria uwezo mpya, na uzao wake wote huurithi. Zaidi ya hapo, bakteria wanaweza kupeana vipande vya vinasaba hata kama si mzazi na mtoto. Ukiwatenganisha kwa bahari kwa muda mrefu, kila upande unakuwa na uwezo wake.

Kwa bakteria wa mpunga utengano huo ulikwenda mbali sana. Wale wa Afrika, ingawa wanaleta ugonjwa wenye jina moja na wale wa Asia, kwa vinasaba wako karibu zaidi na bakteria wengine kabisa, wanaoleta ugonjwa wa michirizi ya majani ya mpunga. Kwa hiyo tunaposema bakteria wa Asia wamefika Dakawa, hatuzungumzii mtu wa ukoo huo huo aliyerudi nyumbani. Ni mgeni mwenye mbinu ambazo mpunga wetu haujawahi kuzizoea.

Wanavyofungua ghala la sukari

Hapa tunaomba uvumilivu kidogo, maana ndipo penye kiini cha habari yote.

Bakteria huyu huingia kwenye jani kupitia vitundu vidogo vilivyo kando ya jani, vile vinavyotoa matone ya maji alfajiri, au kupitia mkwaruzo. Akishaingia kwenye mishipa ya maji ya mmea anahitaji chakula, hasa sukari. Sukari ipo ndani ya seli za mpunga, imefungiwa. Kwenye kuta za seli kuna milango ambayo mmea wenyewe huifungua kwa wakati wake, kwa mfano unapopeleka sukari kwenye punje. Bakteria hupenyeza protini ndani ya seli, na protini hiyo inakwenda kwenye vinasaba vya mpunga, inakaa pale pale inapotolewa amri ya kutengeneza mlango, na kutoa amri hiyo kwa lazima. Mlango unatengenezwa, sukari inatoka nje, bakteria wanakula na kuongezeka.

Protini hizo tuziite funguo. Kila ufunguo una sehemu yake maalumu ya kushika kwenye vinasaba vya mpunga, na usipopata sehemu hiyo haufanyi kitu. Mpunga una milango kadhaa ya namna hii inayoweza kutumiwa vibaya, na mashambani bakteria wameonekana wakitumia mitatu. Bakteria wa Afrika wanafungua mmoja kati ya hiyo mitatu. Wale wa Asia, kwa ujumla wao, wana funguo za yote mitatu, ingawa si kila bakteria anazo zote. Bakteria waliopatikana Tanzania walikuja na ufunguo wa mlango ambao wenzao wa Afrika hawaugusi.

Walikuja pia na kitu cha pili. Baadhi ya mipunga ina jeni iitwayo Xa1, ambayo kazi yake ni ulinzi: ikihisi funguo za bakteria zimeingia, inaua seli zilizovamiwa kabla ugonjwa haujaenea. Dhidi ya bakteria wa Afrika mlinzi huyu anafanya kazi. Bakteria wengi wa Asia wana protini nyingine, zinazofanana na funguo lakini hazifungui chochote. Kazi yake ni kumzuia mlinzi asifanye kazi. Bakteria wa Afrika hawana protini hizo. Wale wa Dakawa wanazo.

Fikiria maana yake. Mtaalamu wa mbegu anaweza kutumia miaka kumi kutafuta mpunga wenye mlinzi huyo, akaujaribu dhidi ya bakteria wa Afrika, ukafaulu, akaupeleka kwa wakulima kwa haki kabisa kama mbegu inayostahimili. Kisha anaingia bakteria wa ukoo mwingine, na kinga ile haipo tena. Mbegu haijabadilika, na wala mtaalamu hakudanganya. Waliobadilika ni bakteria walioko shambani.

Mbegu inastahimili bakteria gani?

Hili lilishatokea kwingine. Katika miaka ya 1970 nchini Ufilipino, yaliko makao makuu ya Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga, IRRI, wakulima walipewa mbegu zenye jeni ya kinga iitwayo Xa4. Zilifanya vizuri sana, zikalimwa eneo kubwa. Kabla ya hapo kundi moja la bakteria ndilo lililotawala mashamba. Mbegu hizo zilipoenea, kundi hilo lilipungua, na kundi lingine ambalo halikujali Xa4 likachukua nafasi yake. Kwa maneno mengine, wakulima wenyewe, kwa kupanda mbegu ya aina moja kila mahali, walikuwa wanawachagua bakteria wa kuwashinda.

Kuna jeni nyingine maarufu, Xa21, na historia yake inatuhusu sisi Waafrika. Ilitoka kwa mpunga pori uliochukuliwa Mali, jamaa wa mpunga pori ule ule unaoota kwenye mabwawa na kingo za mito ya Tanzania na ambao sisi tunaung'oa kama magugu. Jeni hiyo ilihamishiwa kwenye mpunga wa kulimwa kwa njia ya kuchavusha, na mwaka 1995 watafiti wakaweza kuitenga na kuisoma. Ilikuwa na nguvu dhidi ya makundi mengi ya bakteria, ikasambazwa Asia. Hata hiyo, baadaye walipatikana bakteria walioishinda katika baadhi ya nchi za Asia. (Tunasema kwa kupita tu: nchi zinazofyeka mpunga pori wao bila kuhifadhi mbegu zake zinafyeka pia ghala la kinga ambalo wengine wamelitumia kwa faida.)

India ilichukua njia ya kuweka kinga kadhaa katika mmea mmoja. Mbegu ya Samba Mahsuri, inayopendwa kwa mchele wake laini, ilikuwa inaugua sana. Wataalamu waliichavusha na kuiteua kizazi baada ya kizazi hadi ikabeba jeni tatu za kinga kwa pamoja, na mwaka 2008 ikatolewa kwa wakulima ikiwa na ladha ile ile. Bakteria anayetaka kuishinda lazima ashinde kinga tatu kwa wakati mmoja, jambo gumu zaidi kuliko kushinda moja. Hakuna kilichopandikizwa kutoka kiumbe kingine. Ni uchavushaji, subira na vipimo vya vinasaba.

Kwa maoni yetu, mfano huo wa India unastahili kuzungumzwa zaidi katika mikutano ya kilimo ya kwetu kuliko unavyozungumzwa. Lakini una sharti moja: huwezi kuchagua kinga tatu kama hujui bakteria waliopo kwako ni wa ukoo gani. Waliofanya utafiti wa Morogoro waliangalia pia mbegu za Afrika, wakaona hazina kinga ya kutosha dhidi ya wageni hao.

Migomba inatuonyesha upande wa pili

Msikilizaji wa Kagera, Masaka au Bujumbura anaweza kuuliza: mbona kwetu mnyauko wa migomba ni ule ule kila mahali? Swali ni zuri, na jibu lake linasaidia kuelewa la mpunga.

Bakteria wa mnyauko wa migomba ni jamaa wa mbali wa huyu wa mpunga. Alielezwa mara ya kwanza Ethiopia mwaka 1968 kwenye mmea wa enseti unaofanana na mgomba, akaonekana Uganda mwaka 2001 na Tanzania mwaka 2006, upande wa Kagera. Huyu vinasaba vyake vinafanana mno kutoka nchi moja hadi nyingine. Ilibidi watafiti wasome vinasaba vyote kwa ukamilifu, herufi kwa herufi, ndipo mwaka 2012 waliweza kuandika kuwa kuna koo ndogo mbili, ishara kwamba huenda aliingia eneo letu zaidi ya mara moja, pengine kutoka Ethiopia.

Kufanana huko kuna faida. Mbinu iliyofanya kazi Uganda inafanya kazi Kagera: kuvunja ua dume kwa mti wenye panda badala ya panga, kupitisha panga kwenye moto au kwenye maji yenye jiki kabla ya kuhamia shina lingine, na kukata shina lenye ugonjwa usawa wa ardhi. Hakuna haja ya kuuliza ukoo. Tabu ya migomba ni nyingine, kwamba migomba yetu ya kulimwa haina kinga ya kutosha. Kwa mpunga kinga zipo, nyingi kiasi, lakini kila moja ina bakteria wake inayomweza na mwingine isiyomweza. Ndiyo maana mkulima wa mpunga hana budi kujali jambo ambalo mkulima wa migomba anaweza kulipuuza.

Komboka iliyohaririwa

Timu ile iliyochapisha taarifa ya mwaka 2023 haikuishia kwenye kutambua ugonjwa. Ilichukua Komboka, mbegu bora inayolimwa Afrika Mashariki, na kuihariri vinasaba. Walichofanya ni kubadilisha herufi chache katika zile sehemu ambazo funguo za bakteria hushika, kwenye milango yote mitatu. Mlango bado upo na mmea unautumia kwa kazi yake, ila ufunguo wa bakteria haupati pa kushika. Walipoijaribu dhidi ya bakteria wa Asia, wa Afrika na wale wa Tanzania, ilistahimili wote.

Ni kazi kubwa, na wazo lake ni zuri: badala ya kuweka mlinzi anayeweza kuzuiwa, unaondoa kile ambacho mwizi anakitegemea. Lakini tusivuke mto kabla ya kuufikia. Mmea uliofaulu katika jaribio haujawa mbegu ya kuuzwa. Inabidi ulimwe mashambani misimu kadhaa, upimwe mavuno na ladha, upite kwenye mamlaka za mbegu na za usalama wa viumbe, na kila nchi ina sheria zake. Kenya ilitoa mwongozo wake kuhusu uhariri wa vinasaba mwaka 2022, unaofungua njia kwa mimea isiyobaki na jeni ya kiumbe kingine isihesabiwe kama mazao yaliyobadilishwa vinasaba. Tanzania imekuwa na tahadhari zaidi, na mwaka 2018 serikali ilisimamisha majaribio ya mahindi yaliyobadilishwa vinasaba yaliyokuwa yakifanyika Dodoma.

Wapo wanaosema mbegu za maabara zitamfanya mkulima mtumwa wa kampuni, na wapo wanaosema kuzikataa ni kumwacha mkulima afe njaa. Sisi tunaona maswali ya mkulima ni ya karibu zaidi na hayo. Je, nitaweza kuhifadhi mbegu yake msimu ujao bila kuulizwa na mtu? Nani ataijaribu kwenye jaruba langu kabla sijailipia? Na bakteria wakitengeneza ufunguo wa mlango wa nne, maana milango ni zaidi ya mitatu, nani atakuwa anaangalia? Hilo la mwisho si la kutisha watu bure. Funguo za bakteria hawa zimeundwa kwa vipande vinavyojirudia, na vipande hivyo hupangika upya kwa urahisi, kama mtu anayechonga ufunguo mpya kutoka ule wa zamani.

Walifikaje?

Hapa maneno ya vijiweni ni mengi. Vinasaba vinaweza kusema bakteria wa Morogoro wanafanana na wa wapi. Haviwezi kumtaja aliyewaleta, wala kama walikuja kwenye mbegu, kwenye vifaa au kwa njia nyingine. Kumnyooshea kidole mtu au nchi kwa ushahidi huo ni kuutumikisha kazi isiyo yake.

Linaloweza kusemwa ni kwamba milango ya kuingilia inajulikana, na ulinzi wake ni kazi ya taasisi zenye majina. Tanzania ina Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, kwa ukaguzi wa mimea na mbegu zinazoingia, na TOSCI kwa kuthibitisha ubora wa mbegu. Kenya ina KEPHIS. Kukagua punje kwa macho hakutoshi, maana bakteria haonekani. Kunahitaji maabara, vipimo vya vinasaba, na fedha ya kuviendesha kila msimu, si pale ugonjwa unapozuka tu. Fedha hiyo inapopungua hakuna anayeona kosa siku hiyo. Linaonekana miaka michache baadaye, shambani kwa mtu ambaye hakuhusika na bajeti.

Na kuna milango midogo ambayo ni yetu wenyewe. Gunia la mpunga wa mbegu linalobebwa kwenye basi kutoka kwa shemeji wa mkoa mwingine halipiti kwa mkaguzi yeyote. Wengi wetu tunalima hivyo, na hatusemi iachwe mara moja, maana mbegu iliyothibitishwa ni ghali na mara nyingine haipatikani kwa wakati. Tunasema tu ujue shamba ilikotoka. Mbegu iliyovunwa kwenye jaruba lililokauka majani, hata kama punje zinang'aa, isivuke mkoa, wala kijiji.

Shambani, kabla hujatoa fedha mfukoni

Hasara ya kwanza inayowapata wakulima mara nyingi si ya ugonjwa, ni ya duka la pembejeo. Majani yakikauka mtu ananunua dawa ya ukungu. Dawa ya ukungu haiui bakteria. Unapulizia, unasubiri, unaongeza tena, na mpunga unaendelea kukauka. Kwa hiyo kitu cha kwanza ni kujua unachokiona.

Kimyanga, ambacho huletwa na virusi, hufanya mmea udumae na majani kuwa na madoa ya njano yaliyochanganyika na kijani, mara nyingi katika vikundi vikundi shambani. Blasti, ambayo ni ya ukungu, huacha madoa yenye umbo la jicho, katikati kijivu, ncha zote mbili zimechongoka. Ugonjwa wa bakteria huanzia kwenye ncha na kingo za jani na kushuka kwa ukingo wa mawimbi. Alfajiri unaweza kukuta matone madogo ya rangi ya maziwa au njano kwenye jani. Miche michanga inaweza kunyauka yote wiki chache tu baada ya kupandikizwa, na mtu akadhani ni funza wa shina.

Kipimo cha nyumbani kipo na hakina gharama. Kata kipande cha jani penye mpaka wa sehemu kavu na sehemu ya kijani. Kisimamishe kwenye glasi ya maji safi, uiangalie dhidi ya mwanga kwa dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama moshi mwembamba unashuka kutoka kwenye sehemu uliyokata, hao ni bakteria. Kipimo hiki kinakuambia ni bakteria. Ukoo wao hakikuambii, hiyo ni kazi ya maabara.

Ukishajua, kazi kubwa ni kupunguza njia zao. Urea nyingi kwa mkupuo mmoja hunenepesha majani na kuwapa bakteria karamu, hivyo gawanya mbolea kwa awamu. Desturi ya kukata ncha za miche kabla ya kupandikiza ina sababu zake, lakini kila ncha iliyokatwa ni kidonda kilicho wazi, na pale ambapo ugonjwa umeonekana ni bora kuiacha. Usipalilie majani yakiwa na maji, kwa sababu mikono na nguo zako zitasambaza bakteria kutoka mstari hadi mstari. Maotea ya mpunga na mabua yenye ugonjwa yasibaki yakingoja msimu ujao, kwa kuwa bakteria wanaishi humo. Mpunga pori ulio kando ya mfereji unaweza kuwahifadhi pia, na hapo tunarudi kwenye ubishi ule wa awali: mpunga pori ni hazina ya wataalamu na ni hatari kwako. Ung'oe mferejini kwako, wao wauhifadhi kwenye benki za mbegu.

Jambo gumu kuliko yote ni maji. Kwenye skimu, maji yanayotoka kwenye jaruba lako yanaingia kwa mwenzako wa chini. Mkulima wa juu akificha ugonjwa kwa kuogopa mbegu yake kukosa soko, wa chini anaupata kwa njia ya mfereji, na mvua yenye upepo inamalizia. IRRI inaandika kuwa penye mbegu dhaifu na hali ya hewa inayoufaa, ugonjwa huu unaweza kuchukua hadi asilimia 70 ya mavuno. Kwa familia inayotarajia magunia 20, hiyo ni kubaki na 6. Hakuna sheria ndogo ya skimu tunayoifikiria kuwa na faida kubwa kuliko ile inayomtaka kila mwanachama kutangaza ugonjwa mapema na inayomlinda asichekwe wala asitengwe kwa kutangaza.

Ukimwita afisa ugani, usimwonyeshe jani lililokauka kabisa, kwa kuwa bakteria hai ni wachache humo. Chukua majani yenye ugonjwa mchanga kutoka sehemu kadhaa za shamba, yafunge kwenye karatasi kavu badala ya mfuko wa nailoni ili yasioze, andika tarehe, kijiji na jina la mbegu uliyopanda, na muombe yafike kwenye kituo cha utafiti wa kilimo. Katika yale majani ndimo watakamopata jibu la bakteria wa ukoo gani yuko kwako. Na msimu ujao, muuza mbegu akikuambia kuwa mbegu yake inastahimili ugonjwa wa bakteria, muulize ilijaribiwa wapi, mwaka gani, na kwa bakteria waliochukuliwa shamba la wapi.